Niambie gari lenyewe lina dirisha

Baba yangu,

Anayeandika ni mdogo wako, mimi nasema tu. Ukikuta neno kali ni langu, ukikuta kosa la herufi ni lake. Amepanda hadi pale juu kwenye mtandao mzuri, nami nimekaa juu ya jiwe pembeni yake, kwa hiyo usitucheleweshe kujibu, jua ni kali.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Malawi unapita tu, Msumbiji unapita tu, safari ni ya Sauzi. Hukusema unapita ndani ya nini. Nilikuuliza, ukanijibu habari za kazi. Nakuuliza tena: gari gani? Wale Waethiopia wa mwaka 2020 walikutwa Tete, Msumbiji, ndani ya kontena, maiti 64. Waliotoka wazima ni 14. Walikuwa wanatokea Malawi, njia hiyohiyo unayoitaja wewe kama unakwenda bombani kuteka maji.

Sikukatazi kuondoka. Najua umechoka kuomba kibali kila unapotaka kufika Kasulu, mwanamume mwenye ndevu. Fundi wa kuchomelea asiyeruhusiwa kuvuka mpaka wa kambi atachomelea nini, masufuria ya majirani? Hilo nimekubali tangu siku kibanda chako kilipovunjwa, ingawa siku ile nilikwambia uvumilie. (Mji uliopo sasa hivi siutaji humu. Nawe usiutaje, simu hupita mikono mingi.)

Ninachokataa ni kuniambia umechagua Sauzi kwa sababu ya sheria. Unasema huko hakuna kambi, mwomba hifadhi anaishi mjini anapotaka. Ni kweli. Lakini Uganda nako sheria yao ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanakupa na kipande cha ardhi. Tena ni karibu. Kama ingekuwa sheria peke yake, ungepitia mpakani Mutukula, ungelala kwa shangazi yako, na mimi ningelala pia.

Utasema Uganda kuna njaa. Hapo sikubishii. Wakimbizi wamepita milioni moja na laki saba, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa kwenye mgao wa chakula. Shangazi yako mwenyewe anasema kiwanja alichopewa akitandika mikeka minne kimekwisha. Basi sema hivyo, sema unaogopa njaa, nitakuelewa. Usinisomee vifungu vya sheria kama wakili.

Umechagua Sauzi kwa sababu mjomba wako yuko Durban. Sikucheki. Sisi mwaka 1996 kule kwetu Kongo, pale mji wa Baraka, hakuna aliyekaa kupima nchi ipi ina sheria nzuri. Mwenye boti alikuwa na shemeji yake Kigoma, tukapanda. Watu wa Pweto walikwenda Zambia, wa Rutshuru wakatokea Bunagana, wakaingia Uganda. Watu wa Kinshasa wenye pesa ya viza wanakwenda Ubelgiji, maana ndugu zao wako mtaa wa Matonge kule Brussels na Kifaransa tayari wanakijua. Na Desemba 2025, vita vya Kongo vilipofika Uvira, watu walivuka kuingia Burundi, nchi ambayo wenyeji wake wenyewe hawashibi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yao. Mimi nilibaki Tanzania kwa sababu nilipouliza maji yako wapi, nilijibiwa kwa Kiswahili. Sababu nyingine nimezisikia baadaye, kwenye semina.

Kwa hiyo mjomba ni sababu ya haki. Lakini mjue mjomba unayemfuata. Ile picha ameegemea gari jeupe, uliyomwonyesha kila mtu hapa, gari si lake. Analilinda. Anasimama kwenye maegesho ya maduka amevaa kizibao cha kung'aa, mwenye gari akirudi anampa sarafu. Wakongomani wengi wa Durban wanafanya kazi hiyo, wapo hata waliokuwa walimu. Si aibu, amewasomesha watoto wake kwa sarafu hizo na mimi amenitumia hela ya dawa. Aibu ni kukuficha. Wala hakukuambia kwamba mwaka 2008, wageni walipokuwa wakiwindwa mitaani na zaidi ya watu 60 wakauawa nchini humo, alilala kanisani wiki tatu na mke wake. Mimi alinipigia analia. Na karatasi yake mpaka leo ni ya mwomba hifadhi, inaisha muda, anapanga foleni, inaisha tena. Muulize. Muulize pia yeye alikwenda kwa gari gani, uone kama atakujibu.

Ungekuwa Kentucky, Marekani, sasa hivi. Najua unalifikiria hilo hata kama hulisemi. Jirani zetu wa mstari wa pili walipata tiketi, wanatutumia picha za theluji. Prosesi yetu ya kuhamishiwa huko ilikuwa imefika mbali. Yule mhojaji aliniuliza nimezaa watoto wangapi, nikasema sita. Unajua kwa nini nilisema sita. Dada yangu alikufa mtoto hajaota jino, nikamnyonyesha mimi, ningemtaja mama yake nani? Wakasema majibu hayalingani na karatasi za zamani, kesi ikawekwa pembeni. Ikakaa pembeni miaka, halafu Januari 2025 Marekani ikafunga mlango kwa wote, wenye majibu yanayolingana na wasiolingana. Wengine walikuwa wameshauza sufuria.

Hapa anayeandika amesimamisha vidole. Nimemwambia aandike hivyohivyo. Mtumie salamu zake peke yake, ndefu, umwambie hujawahi kumlaumu. Ulimlaumu mara moja, nyuma ya jiko, mkidhani nimelala. Nilisikia. Na mimi ningeulizwa leo ningesema sita.

Turudi kwenye gari. Ukifika Lilongwe wasiliana na mimi kabla hujampa mtu hela. Kama anasema mtaingia nyuma na mlango utafungwa kwa nje, usipande, hata kama umeshalipa. Hela ni hela. Ingia Dzaleka ujiandikishe. Najua Dzaleka ni kambi iliyojengwa kwa watu kama elfu kumi na sasa wamepita elfu hamsini, na najua mwaka 2023 Malawi iliwatoa wakimbizi mijini kwa nguvu ikawarudisha humo. Utaniambia umetoka kambi kuingia kambi. Ndiyo. Kambini utakuwa unapumua. Utakaa humo mpaka lipatikane basi lenye viti.

Mbuzi amezaa, mmoja mweusi, mmoja ana doa jeupe mguuni. Turubai la upande wa jiko limechanika, nimelishona kwa kamba ya nyavu lakini mvua ikija ya upepo tunahamisha unga. Mgao wa mwezi huu ulikuwa unga, maharage na mafuta kidogo, chumvi hakuna. Yule uliyemkopa elfu kumi na tano nimemlipa nusu. Ungeniambia mapema kwamba unadaiwa, nisingesalimiana naye kwa kicheko vile kila asubuhi.

Mashine yako ya kuchomelea iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kitenge. Mtu amekuja mara mbili kuiulizia bei. Amesema bei nzuri, sitakudanganya, ingetosha nauli ya basi zuri mpaka mpakani. Nimemwambia arudi Jumamosi. Sijui nitamjibu nini, inategemea wewe utanijibu nini. Usiniandikie habari za kazi. Piga picha ya gari, pande zote, na nyuma pia, nione.

Mama yako