Maharage, gesi na tumbo lako

Shoga yangu Rehema,

Salamu, na pole kwa tumbo linalojaa gesi kila ukila maharage. Usiyakimbie maharage kwanza. Ukijua yanafanya nini huko ndani, utajua cha kurekebisha jikoni.

Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina nyuzinyuzi gramu 11 hadi 13 hivi, karibu nusu ya zile gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa siku. Utumbo mwembamba hauzimeng'enyi. Tena zimefuatana na sukari za rafinosi na stakiosi, na hizi ndizo hasa zinazokusumbua: mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, basi zinashuka nzima nzima hadi utumbo mpana. Huko bakteria huzichachua, na gesi hutoka humo. Safari hiyo ni ya saa kadhaa. Ukila saa saba mchana, tumbo linajaa jioni, halafu lawama anatupiwa mchicha wa usiku, bure tu.

Uchachushaji huohuo wa bakteria ndio unaotengeneza butirati, asidi inayolisha seli za ukuta wa utumbo mpana. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni, na ini hulazimika kutumia kolesteroli ya kwenye damu kutengeneza asidi nyingine. Za kwenye ganda haziyeyuki. Kazi yao ni kushika maji na kulainisha choo. Ukiongeza maharage bila kuongeza maji ya kunywa, choo kinaweza kukukataa kabisa.

Sasa jikoni. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, pikia mengine. Wapo wanaosema utamu unapotea. Acha upotee, maana sehemu ya zile sukari imo humo. Maharage mekundu yana sumu iitwayo lektini, kwa hiyo yatokote kwa moto mkali dakika 10 kwa uchache, na mimi ningeyaacha 30, ndipo uyahamishie kwenye kikapu cha kupikia (kile kinachotunza joto) au themosi ukitaka kuokoa mkaa. Kuyatia humo mabichi na maji ya moto ni hatari: joto la nyuzi 80 tu linaweza kuyafanya yadhuru kuliko mabichi, na kutapika huanza saa 1 hadi 3 baada ya kula. Magadi yanaharakisha kuiva, ila yanaharibu vitamini B1, kwa hiyo tia kidogo sana au uache.

Anza na vijiko 3 vya mezani kwa siku, ukae hapo wiki nzima, kisha uongeze vingine 2. Bakteria huzoea. Yakikushinda bado, jaribu choroko zilizokobolewa. Ni nyepesi zaidi.

Ila ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, hayo si maharage. Nenda hospitali.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaidi