Shoga, saa usiilipie bado

Chake Chake, Alkhamisi usiku

Shoga yangu Raya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Bi Time anakusalimu, na kanga zimemfika. Mengine nitakuandikia siku nyengine, maana ujumbe wako wa sauti umenikaa kichwani. Unataka kununua saa inayotambua mtu akianguka, Mbarouk aje nayo wiki ijayo, Bi Mkubwa kule Wete avae, kwa vile ameshateleza, na wewe upate usingizi. Usilipie bado. Nisome kwanza mpaka mwisho.

Saa haimzuii mtu kuanguka. Inachofanya ni kupunguza muda wa kulala chini bila ya mtu kujua, na muda huo ndio unaoua. Mtu mzima akilala sakafuni zaidi ya saa moja, hata kama mfupa haukuvunjika, misuli iliyobanwa huanza kufa na sumu yake huelekea kwenye figo, ngozi ya nyonga huchubuka ikawa kidonda, na mwili hukauka maji. Kwa hivyo kifaa kina faida, tena kubwa. Ila faida yake yote inategemea nani atakuja kikilia.

Ndani mna vihisio vya mwendo. Vinatafuta mambo kwa mpangilio: mwili umeachia ghafla, umepiga kwa kishindo, umebadilika ulalo, kisha umetulia. Yakifuatana, kifaa huamini kuwa mtu kaanguka. Sasa fikiria Bi Mkubwa anaegemea ukuta wa choo, magoti yanalegea, anateremka taratibu mpaka chini. Hapana kishindo, na kifaa kinaweza kunyamaza kimya. Upande wa pili, akitwanga kwenye kinu na saa mkononi, kinaweza kulia na yeye hana hata jambo. Kwa sababu hiyo usinunue chochote kisichokuwa na kitufe cha kubonyeza mwenyewe.

Hiyo Apple Watch uliyoitaja ina kazi hii tangu Series 4 ya mwaka 2018. Umri ukiandikwa miaka 55 au zaidi, kazi hiyo hujiwasha yenyewe. Ikihisi anguko kubwa hugonga mkono na kulia. Asipotikisika kama dakika moja huhesabu sekunde 30, kisha hupiga namba ya dharura ya nchi, ambayo huku ni 112. Ujumbe kwa jamaa hutoka baada ya simu hiyo. Lakini mtu wa kumfikia Bi Mkubwa kwa dakika tano ni Faki na Mize wa nyumba ya pili, hao ndio nnaotaka waitwe kwanza. Tena saa hiyo inataka iPhone karibu yake, au laini ya ndani ambayo kampuni ya simu imeifungulia, na inataka chaji kila siku. Bi Mkubwa ana simu ya vitufe.

Lililo kubwa kuliko yote hayo ni udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi, kwa hivyo saa ya mkononi ataivua, ataiweka juu ya dirisha, ataingia penye maji bila ya saa. Mara tano kwa siku, Raya, na ya alfajiri ni gizani, katoka kitandani sasa hivi na presha haijakaa sawa. Kifaa kitakuwa dirishani saa ile ile anapokihitaji.

Ndio maana nnakwambia tafuta cha kuning'inia shingoni. Kiwe na alama ya IP67, maana yake kinahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Kuoga kwa kata hakukidhuru. Kamba yake iwe ya kuachia ikivutwa, isije ikamkaba. Kipige moja kwa moja namba tunazoziweka sisi. Vingi vya Uingereza na Marekani huuzwa pamoja na kituo cha watu wa kupokea simu, cha kulipia kila mwezi, na kituo hicho hakitamfungulia mtu mlango Wete. Soma na masafa ya mtandao wa simu: GSM ya huku ni megahezi 900 na 1800, cha 850 na 1900 peke yake kitakuja kuwa pambo.

Kikifika, Faki afanye hivi. Laini isajiliwe kwa jina la mtu aliyepo hapo hapo Wete, kisha itiwe kwanza kwenye simu ya kawaida na PIN yake iondolewe, ama sivyo kifaa hakitaamka. Namba ya kwanza Mize, ya pili Faki, ya tatu wewe. Simu zao wote watatu wazime ule ujumbe wa sauti wa "acha maneno yako", kwa kuwa kifaa kikipokewa na mashine hudhani kapokea mtu, na hakiendi kwa anayefuata. Namba ya kifaa waiandike kwa jina la Bi Mkubwa na mlio wake peke yake, mkubwa. Dakika zitiwe kila mwezi, kwani laini isiyo na salio haimpigii mtu. Kisha aingie chooni, afunge mlango, abonyeze. Kuta zile ni nene na juu bati. Kama mtandao haufiki mle, bora tujue siku hiyo kuliko siku nyengine. Jaribio hilo lirudiwe kila Ijumaa, na abonyeze Bi Mkubwa mwenyewe.

Hapo kwenye "mwenyewe" ndipo nnapotaka kurudi, maana hukulisema na ndilo linaloniuma. Tangu ateleze, Bi Mkubwa haendi barazani kwa Mize. Anasali kwenye kiti, na msala umekunjwa. Asiyetembea miguu inalegea, na miguu ikilegea ataanguka tena. Khofu yenyewe ndiyo inayomwangusha. Kifaa cha kuvishwa kwa lazima kitamwambia kuwa keshakuwa mtoto wa kulindwa. Mpigie wewe, muulize nani anataka aitwe kwanza. Akimtaka Asya badala ya Mize, na awe Asya.

Yako masuali 16 yanayotumika kupima khofu hii: ana wasiwasi kiasi gani akioga, akivaa, akiinuka kwenye kiti, akipita penye utelezi, akiwahi simu kabla haijakata, akienda kumtembelea rafiki au jamaa. Kila moja alama 1 mpaka 4, jumla kutoka 16 hadi 64. Nitamuuliza kabla ya kifaa na tena baada ya miezi miwili. Alama zikiteremka, kifaa kimefaa. Zikibaki pale pale, basi tumenunua king'ora tu.

Na nitamfundisha kuinuka. Ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko, akae kwa magoti na mikono, atambae mpaka kwenye kiti kizito, mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, asukume, ageuke, akae. Akiwa na maumivu ya nyonga asijaribu: abonyeze, ajifunike kanga, angoje. Kila siku asubuhi na jioni ainuke kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani mara tano bila ya kushika, tukienda tukifika kumi. Nnataka arudi kusujudu chini. Anayejua kuwa anaweza kuinuka hutembea vyengine kabisa.

Sasa nijibu. Ile mitalawanda, viatu vya mti, bado iko chooni? Iondoke leo, mti ukirowa juu ya saruji ni kama sabuni. Taa ya ukumbini imetengenezwa, au bado anapapasa ukuta? Dawa ya presha anakunywa saa ngapi, na ipo nyengine ya usingizi aliyoongezewa? Macho alipimwa lini mara ya mwisho? Nani analala naye usiku tangu Siti arudi Unguja? Faki simu yake anaizima akilala? Na yeye mwenyewe Bi Mkubwa, umewahi kumuuliza wapi anatamani kwenda ambako sasa haendi?

Nipigie kabla ya Mbarouk hajafunga mizigo.

Wako,
Zuwena