Dawa ya wadudu kwenye chupa ya maji, mpaka lini?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku kwetu maduka mengine ya pembejeo bado yanampimia mkulima dawa ya wadudu kwenye chupa ya maji au soda, haina lebo haina chochote, akifika nyumbani anaiweka jikoni na watoto wapo hapo hapo, jamani watakunywa! Chupa ya kiwandani ina utepe wa rangi chini, nyekundu ndo sumu kali kabisa, inafuata njano, bluu, kijani, hata asiyejua kusoma akielekezwa anaelewa. Ukiimimina kwingine yote hayo yamepotea, kibarua wa kupulizia nyanya atajuaje avae glavu au asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna? TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa hizi, wawabane wanaopima hivi, na kampuni zilete vichupa vidogo vya bei nafuu vyenye lebo ya kiswahili.

Mkulima wa nyanya, Ilula, Iringa