Land Rover yangu ya 1976 iachwe barabarani

Mhariri,

Wanaodai magari ya zamani yaondolewe barabarani wanachanganya mambo. Kikomo cha umri wa miaka 8 kinahusu magari yanayoingizwa nchini, si yaliyozeekea hapa hapa.

Land Rover yangu, Series III ya 1976, hunitoa Dagoretti hadi kazini Industrial Area kila siku. Usukani hauna pawa, kuegesha mjini ni jasho tupu, na hubugia petroli bila haya. Mvua ikinyesha, maji hunidondokea gotini kupitia kifuniko cha hewa chini ya kioo. Lakini bodi ni ya aluminiamu; kinacholiwa na kutu ni chesi, yaani fremu ya chuma iliyobeba gari, nayo fundi wa Kirinyaga Road huichomelea.

Anayetaka usalama akague breki, taa na moshi, hata kwa matatu mpya.

Mwenye gari,
Dagoretti, Nairobi