Barua ya wazi kwa vijana wa mialo ya Kibirizi na Katonga, Ziwa Tanganyika

Wajukuu zangu,

Nawasalimu. Asubuhi vipe, mitumbwi yenu ya kuvulia dagaa kwa taa, vikiingia na beseni mbili tatu za dagaa, nawasikia mkisema: "Ziwa limekwisha. Hata tufanye nini, limekwisha." Nimeanika dagaa tangu usichana wangu, na kwamba samaki wamepungua naliona mwenyewe. Hapo hatubishani. Ninachokikataa ni hilo neno "hata tufanye nini". Mvuta kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, analipenda mno. Ukimkuta usiku ufukweni na wavu umejaa vifaranga vyembamba kama punje za mchele, ndilo jibu lake.

Hebu niwaulize. Mbona mbalamwezi ikikomaa mnalaza vipe? Taa zenu hazivuti dagaa chini ya mwanga ule, basi mnakaa nyumbani, mnashona nyavu, mnaziba mitumbwi, na sijawahi kumsikia mtu akisema ameonewa. Nyumba zenu zimeshajua kujibana siku hizo. Kulipumzisha ziwa mnakujua tangu enzi za babu zenu. Mwaka 2024, lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti baada ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia kukubaliana, kazi ilikuwa ile ile, ila ndefu. Ndefu kweli, maana miezi mitatu bila mzigo si mchezo, na sisi wachuuzi tuliumia pamoja nanyi. Basi lalamikeni kuhusu hilo! Ulizeni watu watakula nini, marejesho ya mikopo yatasubiri vipi. Malalamiko ya namna hiyo kiongozi anaweza kuyajibu. Anayesema "limekwisha" hajaomba kitu, na hatapewa kitu.

Wengine mnasema tatizo ni joto la dunia. Ni kweli. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na yale ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua. Moshi wa viwanda vya mbali hatuuzimi kutoka Katonga. Lakini udongo wa vilima vyetu, unaoporomoka na mvua na kufunika mawe wanakotaga samaki, huo ni wetu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliporuka na ndege juu ya Gombe mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliuona msitu wa hifadhi umebaki peke yake, vilima vinavyouzunguka vitupu. Mradi wake wa TACARE, wa kurudisha misitu pamoja na wanavijiji, ulianza mwaka 1994, na vijiji vikatenga misitu yao wenyewe. Kuna mahali hawakupanda hata mche: visiki vilivyodhaniwa vimekufa viliachwa bila panga wala moto, vikachipua. Walioviacha ni wakulima kama wajomba zenu, wenye shida zile zile za kuni na shamba.

Na mifuko ya plastiki, rambo, je? Tuliambiwa sokoni hakuna maisha bila rambo. Tangu 1 Juni 2019 imepigwa marufuku, na ingawa vifungashio vyembamba bado vinapenya, mtu anakwenda sokoni na mfuko wake wa kitambaa wala hashangai.

Nawaomba, mkutano wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi mwaloni, ukiitwa, msituachie wazee na maofisa. Njooni na mambo mawili. La kwanza, makokoro na vyandarua vya mbu vinavyotumika kuvulia hapa hapa kwetu: mnawajua wenye navyo, wengine ni rafiki zenu, na ninyi mtasikilizwa kuliko askari wa doria. La pili, tarehe za kufunga ziwa zitangazwe mapema, ili mwenye kipe asichukue mkopo wa nyavu mwezi mmoja kabla, na mama muanikaji aweke gunia lake la akiba. Nimeshazungumza na kina mama wa chanja, wanaoanika dagaa. Watakuja, na watakaa upande wenu.

Bibi yenu,
Katonga, Kigoma