Aliyekufa ni Wafula

Busia, Jumapili jioni

Ndugu yangu Barasa,

Salamu za siku nyingi. Huku hatujambo, mvua imeanza, Mama Nekesa bado yuko kwenye dawa. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, unisamehe.

Wafula tulimzika Alhamisi. Mhubiri alisema karibu saa nzima: mwanadamu ni mavumbi, mwanadamu ni kama ua la kondeni. Ni kweli yote. Lakini jina la Wafula hakulitaja hata mara moja. "Marehemu", "marehemu", basi. Mahubiri yale yangemfaa maiti yeyote kuanzia hapa hadi Tororo. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao mpaka leo haujanitoka.

Unamkumbuka Kierkegaard tuliyemsoma seminarini, yule mwanafalsafa wa Denmark aliyefariki 1855? Usiku ule nilimrudia. Aliandika kwamba kama angechagua maneno ya kaburini kwake, angetaka mawili tu: "yule mmoja". Wanafalsafa wa zama zake aliwalaumu kwa kujenga fikra kubwa kama jumba la kifalme, kisha wenyewe wakalala bandani kando yake, kwa kuwa mle jumbani mtu anayeogopa, anayepaswa kuamua leo, hakutengewa chumba. "Mwanadamu" hajawahi kufa, Barasa. Aliyekufa ni Wafula, aliyevusha watu mpakani tangu boda boda zilipokuwa baiskeli. Kabla hujapanda, alipangusa kiti cha nyuma kwa kiganja, hata kikiwa kikavu, hata abiria akiwa mtoto.

Utanijibu kwa maneno ya Mbiti, yule mwanateolojia Mkenya aliyefundisha Makerere kati ya 1964 na 1974: niko kwa sababu tuko. Sikatai. Jana mjane alinionyesha daftari la madeni la Wafula, kurasa zimelowa jasho, limejaa watu aliowavusha bila nauli. Kila mmoja kwa jina lake. Hiyo ndiyo "tuko" ninayoiamini. Na mchungaji mwema katika Yohana 10 huwaita kondoo wake kwa majina yao.

Sasa nakuomba jambo. Siku ya kumaliza matanga nimepewa nafasi ya kusema, na sitaki kuhubiri, nataka kumsimulia yeye. Niandikie unayoyakumbuka. Siku ile ya mafuriko alikubeba wewe au mdogo wako? Ule mluzi wake akikaribia kwa kina Auma, ulikuwa wimbo gani? Na kidole chake kilikatikaje, aliwahi kukwambia? Miaka 20 nimemjua, sikumwuliza.

Utakuja?

Wako,
Ouma