Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kaunti: Tunaomba Hesabu ya Ardhi Inayosomeka

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Malindi. Notisi za ada ya ardhi ya kaunti zimebandikwa tena kwenye mageti ya Casuarina na Silversand, na wanaozisoma ni askari na watunza bustani. Wenye nyumba wako Milano na London. Notisi ina jumla moja tu: haisemi ni ya mwaka gani, ada ni kiasi gani wala faini ni kiasi gani. Nani atalipa hesabu ya namna hiyo?

Mgeni hakatai kulipa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu ardhi ya lizi, yaani ya kukodishwa kwa muda, isiyozidi miaka 99, na kampuni yenye mwanahisa mmoja asiye raia inahesabiwa kuwa ya kigeni. Mwenye lizi ya serikali ana madeni mawili: pango la ardhi, ambalo ni la Serikali ya Kitaifa, na ada ya kaunti, ambayo ni yenu kwa kifungu cha 209. Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu analipa pango kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anapata risiti yenye nembo ya serikali, anadhani amemaliza. Ada ya kaunti inalala huku faini ikizaana. Mwingine amekatwa asilimia 30 ya pesa za wapangaji kwa ajili ya KRA, mamlaka ya mapato, kwani asiyeishi nchini hapati ile kodi nafuu ya asilimia 7.5 ya wakazi wala haruhusiwi kuondoa gharama zake kwanza. Naye anadhani amemaliza, kumbe hiyo ni kodi ya mapato. Ardhi bado inadaiwa. Notisi zenu hazimwelezi.

Kubwa zaidi ni jina. Nyumba ikiuzwa, hati hubadilishwa kwenye ofisi ya ardhi, lakini daftari la ada hubaki na jina la muuzaji hadi mtu apeleke nakala ya hati mpya kwa mkono. Kwa Mwitaliano aliyenunua kwa jina lake, hiyo ni hasara ya pesa. Kila mwaka hutangaza nyumba ya Malindi kwenye jedwali la RW, la mali za nje, katika fomu yake ya kodi na kulipa IVIE, kodi ya Italia kwa nyumba zilizo nje ya nchi, iliyopanda kutoka asilimia 0.76 hadi 1.06 kuanzia mwaka wa 2024. Sheria yao inamruhusu kutoa humo kodi ya mali aliyolipa hapa Kenya mwaka huohuo, mradi isizidi IVIE yenyewe. Risiti ikiwa na jina la muuzaji, mhasibu wake anaikataa, naye analipa mara mbili. Akikasirika, wa kwanza kupunguziwa mshahara ni mpishi na askari wetu.

Halafu njia ya kulipa. Laini ya simu ya Italia haina M-Pesa. Pesa zikitumwa kwa benki bila namba ya kiwanja, hazionekani kwenye akaunti ya ada. Benki za njiani zikikata chao, malipo yanapungua kidogo, na hicho kidogo kilichobaki kinavuta faini tena. Siku ya kuuza, bila cheti cha kutodaiwa hati haihami: mnunuzi ana ushuru wa stempu wa asilimia 4 mkononi, muuzaji yuko tayari na kodi ya asilimia 15 ya faida yake, na wote wanasubiri dirisha lenu.

Tuliahidiwa, Mheshimiwa, kwamba mwenye nyumba angeliona deni lake kwenye mtandao kwa namba ya kiwanja. Tumengoja kwa adabu.

Tunaomba karatasi moja, itumwe Desemba kwa barua pepe ya mwenye nyumba: namba ya kiwanja, jina lililo kwenye hati, thamani iliyotumika, ada ya mwaka, malimbikizo ya kila mwaka, na faini iandikwe peke yake. Chini yake namba ya akaunti ya benki, msimbo wa SWIFT, na agizo kwamba mtumaji abebe makato yote.

Karatasi hiyo tu. Na hadi itoke, notisi za getini zisitishwe.

Wako katika ujenzi wa kaunti,
Msimamizi wa nyumba, Malindi